Mgongo Asiouona

Machi 3

Mvua imeanza leo mchana, katikati ya mnada. Watu wakakimbilia chini ya bati, makabati yakabaki uwanjani yanalowa. Mume wangu hakushuka jukwaani. Alisimama na mwavuli akaendelea kunadi: "Kabati limeshaoga hili, nani analichukua likiwa safi?" Watu wakacheka, na kabati likanunuliwa. Ndiyo maana mji mzima unamwita Spika. Hakuna kitu asichoweza kukiuza kwa mdomo wake.

Mimi hukaa nyuma ya ghala, navisha makochi vitambaa vipya kabla hayajapandishwa mnadani. Sponji, gundi, misumari midogo, sindano ndefu. Ni kazi isiyotaka maneno. Nina kigugumizi tangu nilipoanza kusema. Spika ananiita Redio, kwa sababu, anasema, nashika stesheni kwa shida. Kwenye karatasi nashika vizuri, kwa hiyo naandika.

Machi 7

Baridi. Spika analalamika shati linamkwaruza mgongoni.

Machi 10

Uvimbe wa mgongoni kwa Spika umekua. Uko chini kidogo ya bega la kushoto, mahali asipoweza kupafikia kwa mkono wala kupaona kwenye kioo. Nilipouona mara ya kwanza, mwanzoni mwa kiangazi, ulikuwa kama punje ya mbaazi. Tabibu wa zahanati ya mtaani akasema ni mafuta tu, akampa dawa ya kupaka. Sasa ni kama kifungo cha koti, mgumu, mwekundu unaoelekea kahawia, na nikiugusa anaruka kama kashikwa na umeme.

Leo wakati namsugua mgongo nilitaka kumwambia aende hospitali kubwa. Neno likanikwama palepale mwanzoni. Alingoja kidogo, mabega yanatikisika kwa kicheko, kisha akanimalizia: "U-u-u-ungo? Umenunua ungo? U-u-ufagio?" Nilipolitoa hatimaye, alikuwa ameshasimama anajifuta.

Machi 11

Wageni chakula cha mchana, madalali wenzake. Nilikuwa naleta maji ya kunawa. Spika akasema, "Mke wangu aliona uvimbe mgongoni kwangu ukiwa punje. Alipomaliza kunieleza, ulikuwa nazi."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nami nilicheka. Ni rahisi zaidi kucheka.

Machi 16

Makochi matano ya ofisi, yote yamechanika mahali pamoja. Mvua.

Machi 20

Leo Spika amelia mbele ya watu.

Aliuza kitanda cha mbao ngumu baada ya ushindani mkali. "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Kimekwenda!" Mnunuzi, mzee mwenye furaha, akapanda jukwaani kumpongeza, akampiga kofi la kirafiki mgongoni. Mimi nilisikia tu ukimya. Miaka yote niliyokaa nyuma ya lile ghala sijawahi kusikia ukimya siku ya mnada. Nikatoka mbio na mkasi mkononi. Spika alikuwa amepiga magoti, paji la uso kwenye mbao za jukwaa, na shati lake jeupe limepata doa la damu. Mzee wa watu anasema, "Sikumpiga kwa nguvu, jamani, mashahidi mpo."

Wakati tunamsaidia kushuka aliniambia kwa meno yaliyofungwa, "Na wewe umesimama tu na mkasi. Afadhali hatukujaliwa mtoto. Angekuwa mtu mzima hujamaliza kumwita jina."

Kesho tunakwenda hospitali.

Machi 21

Daktari wa ngozi ni mwanamke wa makamo, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alitazama mgongo kwa muda bila kugusa, kisha akagusa kwa ncha ya kidole. Spika akauma meno.

"Uliuona lini mara ya kwanza?"

"Mimi sijawahi kuuona, daktari. Uko nyuma. Bidhaa nzuri mimi naziweka mbele." Akangoja kicheko. Hakikuja.

"Wewe, mama?" Daktari akanigeukia.

"Ah, huyo usimwulize, tutalala hapa."

"Nimemwuliza yeye."

Nilianza na neno "kiangazi", nikakwama kwenye herufi ya kwanza. Nikasikia kiti cha Spika kinalia chini yake. Daktari akaweka kalamu mezani. Hakunikazia macho mdomoni kama wafanyavyo watu, wala hakunipa neno. Alingoja tu, kama mtu anayengoja maji yachemke. Nikamwambia yote. Punje, kifungo, zahanati, maumivu.

"Na baridi? Siku za baridi unauma zaidi?"

Nikaitikia. Akaandika hilo, akalipigia mstari.

Wakamchoma sindano ya ganzi, wakachukua kipande kidogo cha nyama kupeleka maabara. Njiani Spika akasema, "Mmepatana. Mmoja hawezi kusema, mwingine hana la kufanya." Lakini hakuwa na sauti ya jukwaani.

Machi 29

Maabara wamepiga simu. Hawana uhakika. Wanapaka kile kipande rangi nyingine ili wakione vizuri, kisha watakipeleka kwa wataalamu wengine wakitazame nao.

Machi 30

Mvua kutwa.

Aprili 2

Wifi amefika na mabegi yake. Spika amempigia simu mwenyewe. Ni dada yake mkubwa, mjane, mwenye ulimi kama wembe mpya. Kabla hajakaa alikagua sufuria zangu moja moja. Kisha akamwambia mdogo wake, mimi nimesimama pale pale, "Nimekuja kwa sababu moja. Ukizidiwa humu ndani, nani ataita watu? Huyu akifika kwenye 'njooni', sisi tumeshazika."

Spika akatabasamu, lakini neno "tumeshazika" lilimtoa rangi.

Aprili 8

Ni saratani.

Naandika hili nikiwa nimekaa kwenye kochi la mteja nyuma ya ghala, kwa sababu nyumbani wifi analia kwa sauti na siwezi kufikiri.

Daktari alisema hivi. Kila unywele mwilini una msuli wake mdogo sana kwenye shina, ndio unaousimamisha ukisikia baridi au ukiogopa. Huwezi kuuamuru, unajifanyia kazi wenyewe. Saratani hii imetokana na misuli ya namna hiyo. Ni nadra sana. Yeye mwenyewe, tangu aanze kazi, ameiona mara chache mno, ndiyo maana maabara walisitasita.

"Msuli wa unywele?" Spika akasema. "Mtu mzima kama mimi niuawe na msuli wa unywele?"

"Ikiwa imebaki ndani ya ngozi, tunaikata na kuacha nafasi pana pembeni, na kwa kawaida mtu anapona. Ikiwa imeshuka chini ya ngozi, kwenye mafuta, mambo yanabadilika. Hapo hupenda kusafiri. Inapokwenda mara nyingi ni mapafuni."

"Sasa yangu imeshuka?"

"Sijui bado. Tutapiga picha ya kifua kwanza, ndipo tukate."

Spika akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Nilimtazama kwa makini kuliko nilivyowahi kumtazama, kwa sababu nilijua hasa kinachomtokea. Maneno yapo, yamejaa, lakini mlango umekwama. Nilikuwa mtu pekee mle chumbani niliyejua hali ile, na badala ya kumwonea huruma, nilijisemea moyoni: karibu.

Aprili 10

Hataki kubaki peke yake chumbani. Ananifuata jikoni, ananifuata ghalani. Anauliza, "Pakoje leo?" nami namwangalia mgongo, namwambia pako vile vile. Ananiamini. Hana namna nyingine.

Aprili 12

Sijui nianzie wapi.

Mchana mvua ilikuwa kubwa, hakuna mnada. Spika alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, springi zikiwa wazi, akinitazama nikipaka gundi. Akasema, "Nisimulie kitu."

Nikadhani ni utani.

"Chochote. Nikikaa kimya naanza kuwaza mapafu."

"I-i-itachukua muda," nikamwambia.

"Sina haraka."

Nikamsimulia jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Siku ya maziko ya mama yangu nilikuwa msichana mkubwa, mtoto wake pekee, na ilikuwa zamu yangu kusema neno la kuaga. Nilisimama ukingoni mwa kaburi na neno lilikuwa moja tu, "mama". Halikutoka. Watu waliinamisha vichwa wakangoja. Kisha wakaanza kukohoa. Kisha matone yakaanza kudondoka, mtu mmoja akafungua mwavuli, na baada ya mmoja wakaondoka wote, wakiniambia kwa upole nije nikimaliza. Nilibaki peke yangu kwenye mvua mpaka nikalisema.

Ilichukua muda mrefu kweli kulisimulia. Nilikwama kila mahali. Spika hakunimalizia neno hata moja. Nilipofika mwisho alinishika mkono, wenye gundi vile vile, akasema, "Sikujua. Pole, mke wangu."

Mke wangu. Miaka yote hii nimekuwa Redio.

Aprili 13

Leo tena. Nimemsimulia fundi aliyenifundisha kushona. Alicheka mahali panapochekesha.

Aprili 14

Wifi ananitazama kwa jicho la pembeni. "Mna nini nyie wawili?" aliuliza. Nilikuwa naimba jikoni. Nikiimba huwa sikwami.

Aprili 15

Picha ya kifua ni kesho. Spika hali. Mimi nakula vizuri, na nalala vizuri. Nitaandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine nitakayemwambia. Leo nilipoinama kuomba, sikuomba picha iwe safi. Niliomba majibu yachelewe.

Aprili 16

Kifua ni safi. Majibu yalitoka siku hiyo hiyo. Daktari anasema bado hatujui ya chini ya ngozi mpaka wakate.

Aprili 17

Upasuaji. Tulikaa korido, mimi na wifi, kwenye benchi linaloyumba. Yeye alilia, akapumzika, akalia.

"Wewe hulii," akaniambia. "Mumeo yuko kwenye kisu, umekaa kama unangoja cherehani yako itengenezwe."

Nikataka kumjibu. Nikakwama. Akageuza uso, kisha baada ya muda akanisukumia nusu ya mkate wake bila kunitazama.

Walikata pana, na kina. Wakatoa ngozi pajani wakaziba nayo mgongoni. Alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa kuniita mimi. Wifi alisikia.

Aprili 23

Tumerudi nyumbani. Nimepewa kazi ya kusafisha kidonda. Muuguzi alinionyesha mara moja tu, akaona mikono yangu, akasema, "Wewe umezoea kazi ndogondogo." Nikifunua bandeji naona shimo jekundu limezibwa na kipande cha ngozi ya rangi nyingine, kama kiraka cha kochi kilichowekwa na fundi asiyejali.

Aprili 27

Kona moja ya kile kiraka imekufa. Ni nyeusi na inanuka. Hospitalini wameikata bila kumlaza usingizi, ganzi haikumshika sawasawa, na kelele yake ilisikika mpaka mapokezi. Sauti ile ile ya mnadani. Nilimshika kichwa. Alikuwa akisema, "Usiniache, usiniache," na mimi nikamwambia siendi popote, na ilikuwa kweli kabisa. Sijawahi kutaka kukaa mahali kama nilivyotaka kukaa pale.

Mei 1

Wifi amefua mashuka yote yenye usaha, kwa mkono, hakuniachia hata moja. Nilipomshukuru, nikikwama, alisubiri. Kisha akasema, "Haya, endelea na mambo yako," kwa ukali, kama nimemwibia kitu.

Mei 4

Majibu ya mwisho.

Daktari alitandaza karatasi mezani, akazungumza na sisi wote wawili. Kingo zote ni safi. Saratani ilikuwa ndani ya ngozi, haikushuka kwenye mafuta. Imeondoka yote. Atakuwa anakuja kukaguliwa kila baada ya miezi michache, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kurudi palepale. "Na kwa kuwa yeye hawezi kujiona mgongo," akaniambia mimi, "wewe ndiye macho yake. Kila wiki mkague. Ukiona kitu chochote, mje."

Nilikuwa na swali. Nilitaka kujua kama maumivu ya baridi yataisha. Nikaanza, "J-j-je..."

"Anauliza kama nitaweza kunadi," Spika akasema, na akapiga paja lake zima kwa kiganja. "Mwambie daktari, Redio, nitanadi mpaka hospitali yenu!"

Daktari akanitazama. Nikatikisa kichwa kwamba si kitu.

Nje, kwenye ngazi, nikaanza kulia, na sikuweza kuacha. Wifi, aliyekuwa anatungoja, akanikumbatia. Ni mara ya kwanza kunikumbatia. "Lia, wifi yangu, lia. Hii ndiyo furaha."

Sikumsahihisha.

Mei 9

Spika anasema sufuria haikusuguliwa vizuri. Chai ilikuwa nyepesi. Nimetembea mbele ya televisheni.

Mei 12

Nilianza kumweleza habari ya kochi la kijani. Akasema, "Ukifika katikati niamshe."

Mei 18

Amerudi jukwaani leo. Watu wamempigia makofi. Mvua ilinyesha na hakuna aliyekimbia.

Mei 19

Walikuja kumpongeza, sebule ikajaa. Madalali wenzake, majirani, yule mzee aliyempiga kofi, amekuja na zawadi ya taa ya mezani na aibu yake. Mimi na wifi tulikuwa tunagawa vinywaji.

Spika alisimama katikati kama jukwaani. Akawaeleza yote, na aliyaeleza vizuri. Msuli wa unywele, ngozi ya paja. "Sasa mtu akinipiga mgongoni, kaupiga mguu!" Walikufa kwa kicheko. Hata mimi.

Kisha akasema, "Lakini nisiwadanganye, niliogopa. Niliogopa kufa kwa sababu moja. Nilijua ni nani atakayesimama kaburini kunisemea."

Nilikuwa nimeshika trei. Nilijua kabla hajaendelea.

"Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alizikwa vipi? Binti kasimama kuaga. 'M-m-m-m...'" Alifanya macho yangu. Alifanya shingo yangu. "Watu wamengoja. 'M-m-m...' Mawingu yamekuja. 'M-m-m...' Mvua imenyesha, watu wameondoka mmoja mmoja. Aliyevumilia mpaka mwisho ni marehemu peke yake, na yeye ni kwa sababu hakuwa na pa kwenda!"

Sebule ilipasuka. Yule mzee alijifuta machozi. Mmoja alijipiga mapaja, akarudia, "Hakuwa na pa kwenda!"

Wifi hakucheka. Aliweka jagi chini kwa kishindo. "Kaka, basi."

"Utani tu, dada."

"Nimesema basi."

Mtu akauliza habari za bei za makabati, na mazungumzo yakaendelea. Mimi niligawa vinywaji mpaka trei ikaisha.

Mei 20

Wifi ameondoka asubuhi. Mlangoni aliniambia, "Mimi nina mdomo mbaya, najua. Lakini lile..." Hakumaliza. Nami nikamsubiri, lakini hakumaliza.

Mei 25

Jumamosi, siku ya kukagua.

Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, shati limevuliwa, anatafuna kijiti cha meno. Nje kulikuwa na jua, la kwanza kwa siku nyingi, na mwanga ulikuwa mzuri. Niliona kila kitu. Kiraka kimeshika. Kovu linang'aa, limetulia, rangi yake nzuri. Nilipitisha vidole pembeni mwa kovu lote kama ninavyopitisha kwenye sponji kutafuta uvimbe kabla ya kuvisha kitambaa. Hapakuwa na kitu. Mgongo wa mtu aliyepona kabisa.

"Haya, umeona nini?" akasema. "Sema basi, au tusubiri mvua inyeshe watu waondoke?"

Akacheka peke yake.

Vidole vyangu vilikuwa bado mgongoni kwake. Nikavisimamisha mahali pamoja, juu kidogo ya kovu, kwenye ngozi nzima isiyo na hatia yoyote.

"K-k-k," nikaanza.

Kicheko chake kikaisha.

"K-k-k-ku..."

Kijiti cha meno kikaanguka. Hakunimalizia. Aligeuza shingo kadiri ilivyoweza kugeuka, akabaki ananitazama kwa jicho moja la pembeni, mdomo wazi, akingoja. Sikumbuki kama nilikwama kweli, au nilikuwa najichelewesha.

"Kuna kitu," nikasema.

Mei 29

Hospitali. Njia nzima amenishika mkono.

"Nionyeshe," daktari akaniambia. Nikaweka kidole. Akabonyeza, akaleta taa, akabonyeza tena, akavuta ngozi huku na huku. Spika ameinama, jasho linamtiririka ubavuni.

"Mimi sihisi kitu," daktari akasema. "Wewe unahisi nini hapo, mama?"

Akaweka kalamu chini, kama siku ile ya kwanza, akaningoja. Ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Katika watu wote wanaonijua, huyu hajawahi kunifanyia lolote ila wema.

"K-k-kagumu," nikasema. "K-k-kalikuwa kagumu zaidi j-juzi."

Akafikiri. Akamwambia Spika, "Mimi sikioni. Lakini yeye ndiye aliyeuona ule uvimbe wa kwanza, na alikuwa sahihi, na hakuna aliyemsikiliza. Sitarudia kosa hilo. Tutachukua kipande kidogo."

Walichoma ganzi, lakini pale karibu na kovu haikumshika vizuri. Aliniganda mkononi mpaka kucha zikaingia. Nikamfuta jasho. Nilikitazama kipande kikitoka, cheupe, kizima, kikadondoshwa kwenye kichupa.

"Majibu yatachukua muda kidogo," daktari akasema. "Safari hii nitawaomba watu wa maabara wawe waangalifu zaidi."

Juni 2

Mvua hainyeshi tena, huu mwezi ni mkavu. Spika amefuta mnada wa wiki hii. Jioni alikuja ghalani, akakaa kwenye kochi nililokuwa nalivisha, akanisogezea sindano kabla sijaiomba.

"Ulikuwa na habari ya kochi la kijani," akasema. "Sikukuacha umalize, mke wangu. Nisimulie."

Nikaweka gundi pembeni, nikaanza tangu mwanzo, na kila neno lililotaka kutoka upesi nililizuia.